Msalaba wa shaba, meka na kilo: historia ya vipimo kando ya Lualaba

MULONGO, HAUT-LOMAMI – Mama anayefika Mulongo na watoto wake baada ya kukimbia vita huenda sokoni kutafuta unga wa bukari. Anauliza bei ya meka moja, anaambiwa. Bei inafanana na ile aliyoiacha kwao, basi anatoa franga zake na kushukuru. Lakini akifika pale alipopewa malazi na kumwaga unga, anaona haufiki pale alipozoea. Watoto ni walewale, sufuria ni ileile, na unga umepungua.

Pengine hakuna aliyemdanganya. Meka ni kopo tu. Kopo la soko moja si lazima lilingane na la soko jingine. Muuzaji mmoja hujaza mpaka unga ufanye kilima juu, mwingine hupitisha mkono na kuukata usawa wa ukingo. Na kopo la zamani linaweza kuwa limegongwa chini, kitako kikaingia ndani.

Mwenyeji anazijua tofauti hizo. Anajua ni mama gani anaongeza kidogo na ni yupi mkono wake mzito. Mgeni hajui, wala hana shangazi wa kumwambia. Ndiyo sababu historia ya vipimo, ambayo wengi hudhani ni somo la walimu wa fizikia peke yao, inawahusu sana watu waliohama. Kipimo kinachojulikana na wote humlinda kwanza yule asiye na jamaa sokoni. Na habari hiyo katika bonde hili ilianza zamani, kabla ya kilo kufika.

Misalaba ya Upemba

Mulongo iko katika jimbo la Haut-Lomami, ambalo makao yake makuu ni Kamina. Ni sehemu ya lile bonde la Lualaba lenye maziwa na vinamasi ambalo wataalamu huliita bonde la Upemba. Mwaka 1957 Jacques Nenquin, na mwaka 1958 Jean Hiernaux, walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo, akachunguza pia makaburi ya Malemba-Nkulu na sehemu nyingine za bonde.

Ndani ya makaburi hayo walikuta vyungu, vitu vya chuma, vikuku, na misalaba midogo kwa mikubwa ya shaba. Shaba hiyo haikutoka hapa. Ilitoka kusini, katika nchi ya madini ambako leo kuna Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mafundi waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuru, wakamimina shaba katika kalibu yenye umbo la msalaba, na misalaba ikasafiri mpaka kwa wavuvi na wakulima wa bonde.

Jambo la kuangalia ni ukubwa wake. Katika makaburi ya karne ya 13 mpaka ya 15 misalaba ni michache, mara nyingi ni mikubwa, na iliwekwa juu ya kifua cha marehemu. Katika makaburi ya karne ya 16 mpaka ya 18 mambo yamegeuka. Misalaba imekuwa midogo na mingi, imewekwa karibu na mikono au kiunoni, pale ambapo mtu huweka fedha zake. Tena ukubwa wake umekaribiana.

De Maret alieleza mabadiliko hayo hivi: misalaba ya kwanza ilikuwa mali ya heshima, ya mambo makubwa, na ile midogo ya baadaye ilikuwa fedha ya kununulia na kulipia. Vitu vikiwa na ukubwa unaokaribiana, hakuna haja ya kubishana juu ya kila kimoja. Watu wanahesabu tu. Mvuvi wa Kisale angeweza kupokea misalaba kumi kutoka kwa mtu asiyemjua, na kesho kuitoa kwa mwingine asiyemjua pia. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo cha pamoja, na wazee wa bonde hili waliifanya kwa shaba miaka mia kadhaa kabla ya Wazungu kufika.

Mkono wa nani?

Katika karne ya 19 njia nyingine zilifunguka. Misafara kutoka Zanzibar na Tabora ilifika mpaka Lualaba. Tippu Tip aliweka makao yake Kasongo, chini ya mto, na Msiri, mtu wa Unyamwezi, alitawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Pamoja na nguo, shanga na bunduki, misafara hiyo ilileta lugha ya Kiswahili na vipimo vyake.

Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kufanya pishi moja. Methali ya haba na haba kujaza kibaba ilizaliwa katika masoko ya namna hiyo. Nguo zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Mkono wa nani? Mtu mrefu na mtu mfupi hawana mkono mmoja. Mnunuzi angetaka nguo ipimwe na mwenzake mrefu, na muuzaji angemtafuta mfupi. Kipimo kinachotoka katika mwili wa mtu kina faida moja kubwa, kwamba kila mtu anatembea nacho. Lakini kina ubaya huo wa kubadilika pamoja na mtu.

Ulaya nako hali haikuwa nzuri zaidi. Ufaransa, kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, karibu kila mji ulikuwa na vipimo vyake vya nafaka, vya nguo na vya ardhi. Mkulima alitakiwa kulipa ushuru kwa vipimo vya nafaka, na pishi lenyewe lilikuwa mali ya bwana wa ardhi. Wakulima walilalamika kwamba pishi la bwana lilikuwa likikua. Katika madaftari ya malalamiko yaliyokusanywa mwaka huo wa 1789, ombi la kuwa na kipimo kimoja kwa wote lilirudiwa mahali pengi.

Mita, lita na kilo

Jibu la Wafaransa lilikuwa kutafuta kipimo ambacho hakiko katika mwili wa mfalme wala wa bwana yeyote. Wakachagua dunia yenyewe. Kuanzia mwaka 1792 wataalamu wawili, Delambre na Méchain, walipima nchi kutoka Dunkerque, kaskazini ya Ufaransa, mpaka Barcelona katika Hispania. Kwa hesabu hiyo walikadiria umbali kutoka ncha ya kaskazini mpaka ikweta. Umbali huo wakaugawa mara milioni kumi, na sehemu moja ikaitwa mita.

Vipimo vingine vikatoka humo. Sanduku lenye sentimita kumi kila upande lilibeba lita moja. Uzito wa maji yanayojaa lita hiyo ukawa kilo moja. Msikilizaji aliweke neno hilo moyoni, maana mwishoni litamsaidia: kilo ilizaliwa na lita ya maji.

Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia sahihi Mkataba wa Mita huko Paris. Ubelgiji ilikuwamo. Kutoka Afrika kusini mwa Sahara hapakuwa na hata nchi moja mezani. Nyumba ya kutunza vipimo ilijengwa Sèvres, karibu na Paris, na mwaka 1889 kipande cha platini kilichochanganywa na iridiamu kikatangazwa kuwa ndicho kilo ya dunia. Nchi zilizoshiriki zilipewa nakala zake ili zilinganishe mizani zao.

Kilo iliyokuja na kodi

Miaka kumi baada ya mkataba huo, mwaka 1885, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alitambuliwa kuwa mwenye Dola Huru la Kongo. Kwa babu zetu wengi kilo haikufika kama msaada wa soko. Ilifika kama kodi. Katika nchi za mpira watu walitakiwa kuleta kilo kadhaa za mpira, na aliyepungukiwa aliadhibiwa. Kilo yenyewe ilikuwa safi kule Sèvres. Lakini mizani ilikuwa mikononi mwa mwenye kudai, na mwenye kudaiwa hakujua kuisoma.

Mwaka 1908 Dola Huru likageuka kuwa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1917 sheria ikaruhusu serikali kulazimisha mashamba, na pamba ikawa zao la lazima katika majimbo mengi. Bei ilipangwa kwa kilo, na pamba ilipimwa na yule aliyekuwa anainunua. Mwaka 1918 reli kutoka kusini ikafika Bukama, na kutoka hapo mashua za moshi zikateremka Lualaba. Migodi ya Katanga ilihitaji chakula cha wafanyakazi, na posho yao ilihesabiwa kwa kilo na gramu.

Historia hii inafundisha jambo ambalo vitabu vya shule huliacha. Kipimo sahihi peke yake hakileti haki. Haki inakuja pale ambapo pande zote mbili zinaweza kusoma mizani na kuipima upya.

Jiwe la Katanga lililopima dunia

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo watu wa Katanga ya zamani wangepaswa kuijua zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walikuwa wakichunguza radiamu, madini yenye mionzi yaliyokuwa yakitumika kutibu saratani. Walihitaji kipimo cha pamoja, kwa sababu hospitali moja ikisema imetumia kiasi fulani, nyingine lazima ielewe kiasi hichohicho. Mwaka 1910, katika mkutano wa Brussels, walikubaliana juu ya kipimo kilichoitwa curie. Mwaka 1911 Marie Curie alitengeneza kichupa cha kioo chenye karibu miligramu 22 za chumvi ya radiamu. Hicho kikawa kipimo cha dunia.

Mwaka 1915 mawe yenye uraniamu na radiamu nyingi yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikawa inapeleka mawe hayo Ubelgiji, na kuanzia mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikawa kinatoa radiamu ndani yake. Mwaka 1934 mwanakemia Otto Hönigschmid alitengeneza vichupa vipya vya kipimo vilivyo safi zaidi. Radiamu aliyotumia ilitoka katika mawe ya Katanga.

Kwa miaka mingi, basi, maabara za nchi za mbali zilipima mionzi kwa kulinganisha na kitu kilichotoka katika ardhi yetu, na kuchimbwa na mikono ya watu wa huku. Mwaka 1975 kipimo kingine kilichoitwa becquerel kikachukua nafasi ya curie katika sayansi. Jina la Shinkolobwe halimo katika lolote kati ya majina hayo mawili.

Mwaka uleule wa uhuru

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, mkutano wa vipimo huko Paris ulitoa jina kwa mfumo mmoja wa sayansi ya dunia nzima: Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo. Leo una vipimo saba vya msingi. Mita ni ya urefu, kilo ya uzito, sekunde ya muda, ampea ya umeme, kelvini ya joto na kandela ya mwanga. Cha saba, moli, kinachohesabu chembe ndogo za vitu, kiliongezwa mwaka 1971.

Nchini kwetu, mwaka 1974 serikali iliunda ofisi ya ukaguzi ambayo leo ni Office Congolais de Contrôle, OCC. Kati ya kazi zake mna kuhakiki mizani na vyombo vya kupimia.

Wakati huo wataalamu wa dunia walikuwa na shida na kilo yao. Kile kipande cha Sèvres, kilipolinganishwa na nakala zake, kilionekana kutofautiana nazo kwa karibu sehemu 50 za milioni ya gramu. Ni kidogo sana, lakini kwa sayansi ni kosa. Na ni nani angesema kipande hicho kimekosea, wakati chenyewe ndicho kilo? Ni shida ileile ya meka ya soko: mwenye kopo ndiye mwenye kusema kopo limejaa.

Mita ilikuwa imeshatoka katika shida hiyo mwaka 1983. Tangu hapo ni umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya 299 792 458 za sekunde. Tarehe 16 Novemba 2018, huko Versailles, nchi zilikubaliana kwamba kilo nayo itoke katika sheria za maumbile, katika namba isiyobadilika inayoitwa namba ya Planck. Uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Sasa kilo haiko katika sanduku la nchi yoyote. Maabara yenye vyombo, hata ingekuwa Lubumbashi, inaweza kuipata bila kuomba ruhusa ya Paris.

Vipimo vinavyookoa

Familia zilizohama zinakutana na vipimo vya sayansi karibu kila siku, hata kama hakuna anayeviita hivyo. Muuguzi anapofunga utepe wa rangi kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, anasoma milimita. Chini ya 115 ni nyekundu, na mtoto huyo anahitaji matibabu ya utapiamlo haraka. Kati ya 115 na 125 ni njano, mtoto yuko katika hatari. Zaidi ya hapo ni kijani. Milimita moja inaweza kuamua kama mtoto anaandikwa leo au anarudishwa nyumbani. Ndiyo sababu utepe wa Mulongo, wa Kamina na wa nchi nyingine yoyote lazima ulingane.

Mashirika ya misaada yana pia viwango wanavyofuata wakati wa dharura: walau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na chakula chenye kilokalori 2 100. Familia ya watu sita, kwa kiwango hicho, inahitaji lita 90 kwa siku, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Mwenye kujua namba hizo anaweza kuhesabu mwenyewe na kuuliza kwa adabu kwa nini kimepungua. Asiyezijua anabaki kushukuru tu.

Chupa ya maji

Babu wa kizazi cha mpira hakuwa na njia ya kuipima mizani ya mwenye kudai. Mjukuu wake anayo, na ni ya bei ndogo. Kilo ilizaliwa na lita ya maji, na ukoo huo haujakatika. Lita moja ya maji safi bado ina uzito wa karibu kilo moja, tofauti ni gramu chache tu.

Mtu achukue chupa tupu ya lita moja, aiweke kwenye mizani ya sokoni na kusoma. Kisha aijaze maji mpaka alama ya lita, aiweke tena. Mizani ikiwa nzuri, itaongezeka kilo moja. Ikiongezeka zaidi ya hapo, mizani hiyo inampa mnunuzi kidogo kuliko anacholipia. Hakuna haja ya kupiga kelele. Maji yatasema mbele ya watu wote.

Meka nayo inapimika vilevile. Mama ahesabu ni lita ngapi za maji zinazojaza meka ya soko jipya, na kama alikimbia na kopo lake la nyumbani, ahesabu na hilo. Atajua kwa nini sufuria haikujaa. Kamati ya soko nayo inaweza kuamua meka moja ya mfano, ikaiweka wazi mahali ambapo kila mtu anaweza kulinganisha, na kukubaliana kama ni ya kilima au ya kukata ukingo. Wafaransa walidai hivyo mwaka 1789. Mafundi wa shaba na wavuvi wa Kisale walikuwa wameshapata njia yao kabla.

Misalaba yao imelala makumbushoni na katika udongo wa bonde. Iliachwa mkononi mwa marehemu, kama fedha ya safari, ili huko aendako, kati ya watu asiowajua, awe na kitu ambacho kila mtu atakitambua.